Roboti Ndiye Bora

Kwa miaka thelathini Bi Sihaba na mumewe walibishana juu ya tamthilia moja ya chombo cha angani. Yeye alimtetea nahodha. Mumewe alishikilia kwamba roboti ndiye bora, hata akinuniwa.

Leo, mwezi wa tatu tangu mzee aanze kusahau watu, Bi Sihaba alimwashia tena tamthilia ile.

“Nahodha hana mpinzani, Baba Saida.”

“Kweli, mama,” akajibu kwa upole.

Bi Sihaba akamgeukia. “Lile roboti lako ni bati tupu. Nibishie basi.”

“Kweli kabisa.”

Akahamia ubavuni pa mumewe, akamtetea roboti kwa maneno yale yale ya mzee ya miaka yote. Akarudi kitini kwake, akajijibu. Akahamia tena, sauti ikimkauka. Mzee alimfuata kwa macho huku na huku, akitabasamu kama mgeni aliyekaribishwa vizuri.