Shikamoo Mbele ya Kioo

Mahujaji walipiga magoti mmoja mmoja mbele ya kisanduku cha kioo kanisani, wakagusisha rozari zao, wakapita. Ndani mlikuwa na kipande cha mfupa wa shahidi aliyeuawa angali kijana, enzi kanisa hilo la mawe lilipokuwa kibanda cha nyasi.

Zamu ya bibi Skolastika ilipofika, hakutoa rozari. Alivua viatu, akakaza kitenge chake kiunoni, akainama.

"Shikamoo, babu."

Katekista aliyekuwa akiharakisha foleni alitabasamu. "Bibi, huyu alikuwa kijana tu. Wewe umemzidi umri kwa mbali."

"Kwenu ni kijana, tena mtakatifu," bibi alijibu bila kuinuka. "Kwetu ni kaka yake babu yangu mzaa baba. Hata nikifika miaka mia, mimi ndiye wa kumwamkia."

Katekista alirudi nyuma, akasimama kama mgeni aliyekutana na mwenye nyumba.

Bibi hakuondoka. Alibaki ameinama, akingoja kuitikiwa kama alivyofundishwa kwao, na foleni nzima, hadi nje mlangoni, ikanyamaza kusikiliza.