Kofia Mbili za Kijani

Simu ya saba nayo haikupokelewa. Ladarius aliitupa kitandani, akaiokota tena, akampigia kocha mara ya nane.

Habari zilikuwa zimeenea mji mzima kabla hajanawa uso. Kocha Brannigan, aliyemsajili akacheze mpira wa vikumbo, ule wa Kimarekani, Chuo Kikuu cha Wexley, kahamia Dunmore bila hata kuaga. Na leo saa nne asubuhi, mbele ya shule nzima, Ladarius alitakiwa kuvaa kofia nyekundu ya Wexley na kutia sahihi ya kujiunga. Atamkuta kocha gani huko, na huyo kocha atamtaka au atamtimua, hakuna aliyejua.

Mwaka jana Brannigan alikaa jikoni kwao, akala sahani mbili za mkia wa ng'ombe, akamwapia mama yake, Bi Verlene, kwamba haendi popote. Kwa kiapo hicho Ladarius alivikataa vyuo sita, Dunmore ikiwemo. Sasa vyote sita vilishajaza nafasi zao. Wexley ikimtema, kilichobaki ni kiwanda cha kuku, zamu moja na mama yake.

"Mtu akimaliza sahani mbili kwako halafu akakukimbia, huyo hakuja kwa ajili yako," Bi Verlene alisema huku akimpigia pasi shati. "Aliletwa na njaa."

Binamu yake Odell alikuja kumchukua kwa gari, kofia ya kijani ya Dunmore kichwani, kama alivyoivaa mwaka mzima. Wote wawili walikuwa wadakaji, wale wa kukimbia pembeni na kudaka pasi, mmoja kulia na mwenzake kushoto, tangu wana miaka saba. Kocha aliyemsajili Odell alifukuzwa Dunmore wiki iliyopita, na Odell hata usingizi hakukosa.

"Mimi nilichagua chuo, sikuchagua mtu," alisema wakiwa njiani. "Wewe uliolewa na kocha, ndiyo maana leo umeachwa."

Siku nyingine Ladarius angemrudishia. Leo alitazama nje tu mpaka wakafika shuleni. Hapo ndipo simu ikalia. Brannigan.

Alishuka, akasogea mbali na gari. Kocha aliomba radhi harakaharaka, kisha akaingia kwenye hoja: amfuate Dunmore. Ni kweli kumejaa, lakini nafasi moja ya mdakaji ataitengeneza yeye mwenyewe. Akauliza mama hajambo. Akauliza na goti la yule binamu yake, lile lililoumia msimu uliopita, linaendeleaje, maana jina lake amelikuta kwenye orodha ya Dunmore. Ladarius alifurahi kuona mtu mkubwa kama yule anamjali Odell. Akamjibu ukweli: siku za baridi bado linavimba, lakini kila jioni wanalikanda kwa barafu, na Odell si mtu wa kulalamika.

"Safi," Brannigan alisema. "Karatasi yako ya kujiunga inakuja sasa hivi. Ila, kijana wangu, usimwambie mtu zaidi ya mama yako mpaka uwe umeshatia sahihi."

Ladarius alielewa. Wexley wakisikia mapema watazua vurugu. Mtama haumwagwi penye kuku wengi.

Ukumbi wa michezo ulifurika. Wazazi, walimu, bendi ya shule, mpaka kinyozi alikuwa amefunga duka. Mbele ya Ladarius zilipangwa kofia tatu, nyekundu, bluu na kijani, kama ilivyo desturi: kila mtu anajua utachukua ipi, lakini lazima mkono uzunguke kidogo, watu washikwe roho. Karatasi yake ilifika mapema, katibu wa shule akaichapa na kumpa Bi Verlene. Ya Odell ilikuwa bado. Katibu alisema pengine hao makocha wapya wa Dunmore hawajajipanga, na Odell akainua mabega.

Bi Verlene aliisoma karatasi mara mbili. "Ni huyuhuyu?" alimnong'oneza mwanawe.

"Huyuhuyu, mama. Safari hii kapiga mwenyewe."

Bi Verlene akatia sahihi ya mzazi chini, bila furaha.

Ladarius ndiye aliyeitwa kwanza.  Aliugusisha mkono kwenye kofia nyekundu, ukumbi ukaanza kushangilia, kisha akauhamisha, akachukua ya kijani na kuivaa.

Kelele zikapasuka. Wa kwanza kumrukia alikuwa Odell. Alimkumbatia mpaka kiti kikaanguka, anacheka na machozi yanamtoka.

"Chumba kimoja," alimwambia sikioni. "Miaka minne, bwana. Wewe na mimi."

Ladarius alitia sahihi. Katibu aliipiga picha karatasi, akaituma Dunmore palepale. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi Ladarius alivuta pumzi ikafika chini, akamtafuta mama yake kwa macho, akamwona anapiga makofi kama wengine.

Ikaja zamu ya Odell. Mwalimu mkuu alilitaja jina lake, bendi ikapiga, na pale mezani mbele yake hapakuwa na karatasi yoyote. Simu yake ikatoa mlio. Aliusoma ujumbe, akaurudia, tabasamu bado liko usoni.

"Dunmore wanasema nafasi yangu imeshajazwa," alisema taratibu. "Eti kuna mdakaji katia sahihi sasa hivi."

Alimgeukia Ladarius.

"Hebu mpigie kocha wako, ndugu yangu. Mwambie wamekosea. Wewe atakusikiliza."