Mlango wa Jabalini

Warigia alikuwa akiwatilia watoto sahihi kwenye kitabu chake kipya, ndani ya duka la vitabu mjini Nyeri, mwanamke mmoja kutoka Othaya alipopenya foleni na kuweka viatu mezani.

Vilikuwa viatu vyeusi vya shule, bado vina umande. Soksi nyeupe zilikuwa zimekunjwa vizuri, kila moja ndani ya kiatu chake.

"Ati ni wewe uliandika ile hadithi ya mlango?" mwanamke aliuliza. "Msichana yangu ametoka nyumbani alfajiri. Hizi viatu tumepata kando ya msitu."

Warigia alizitazama soksi. Katika kitabu chake cha kwanza, msichana huvua viatu, hukunja soksi, hupanda jabali na kuruka. Hapo mlango wa nchi ya majitu mema humfungukia hewani. Watoto wa shule zote za mlimani walikipenda kipande hicho kuliko vingine vyote, na ndicho kilichompa jina.

"Mama," alisema, "mlango hakuna. Niliutunga tu."

"Hiyo najua," mwanamke alisema. "Nauliza hiyo jabali. Iko ama haiko?"

Warigia aliiweka kalamu mezani. Utotoni alichunga mbuzi pale pale jabalini, na mama yake alimkataza kukaribia ukingo.

"Liko," alisema, akiinuka. "Na chini yake ni mawe matupu."