Homa ya Marehemu Baba

Fundi saa mmoja alizoea kuwaona wengine wajinga; siku ile mjinga alikuwa yeye. Aliingia kwa mama yake, suti imenyooka kuliko hoja zake.

"Mama, kesho naapa mbele ya tume inayofukua kesi ya mauaji ya waziri mkuu. Nitalisafisha jina la marehemu baba. Saa risasi zinalia, baba alikuwa kitandani na homa, wewe unamkanda kwa kitambaa cha maji."

Mama alikuwa akitia uzi kwenye sindano. Aliulamba uzi, akalikosa tundu, akaulamba tena.

"Usiape, mwanangu."

"Mbona wewe uliapa mahakamani, wakamwachia?"

"Niliapa. Homa yenyewe tuliizua sisi wawili, mezani hapo ulipoegemea."

Fundi aliuondoa mkono mezani kama aliyeungua, kisha akacheka.

"Mama, uzee huo! Muuaji alitoroka kwa gari. Baba hata baiskeli ilimshinda!"

Uzi ulipita. Mama akauvuta taratibu, akapiga fundo, akamtazama mwanawe kwa huruma.

"Ilimshinda kweli, mwanangu. Ndiyo maana usukani nilishika mimi."