Mlango wa Bi Somoe

Nyumba ile kongwe ya kusini ilijengwa na mfanyabiashara wa korosho, akairithi bintiye, Bi Somoe, naye uzeeni akamuuzia Mwanahawa. Ila mlango ulikuwa mkaidi. Siku moja Bi Somoe alipita kusalimia, akamkuta Mwanahawa anasukumana nao.

"Hebu nipishe, mwanangu." Akaupiga nyonga, ukafunguka. "Huu wanijua mie!"

Majirani wakacheka. Mwanahawa naye akacheka, huku roho inamuuma.

Kesho yake akaita fundi. Mlango ukang'olewa, ukapasuliwa kuni, mpya ukiwa bado kuchongwa.

Jioni Bi Somoe akaja na bakuli la mihogo, akainua mkono kubisha, akakosa pa kugonga.

"Hodi?"

Mwanahawa alimwona, akainama kuchochea moto wa kuni zile. Mbuzi wa jirani akampita bibi, akaingia ndani.