Mwanga wa Mlipaji

Mikopo ya sola ni ya aina mbili. Ule wa bei ya juu huwasha taa za nyumba nzima. Ule wa nafuu huwasha chumba alimo mlipaji tu, na mkataba wake hauruhusu taa nyingine ndani.

Zawena alipochagua mtambo wa nyumba yao mpya ya Mlandizi, muuzaji hakumficha kitu. Kwa uwezo wake, mkopo wa nafuu ulikuwa na friji na feni. Ule mwingine ulikuwa na taa tupu.

"Chukua wenye friji," alisema mama mkwe wake, Bi Nyamvula. "Giza nimezaliwa nalo. Maji baridi ndiyo sijayafaidi."

Wakacheka, Zawena akasaini.

Mwanzoni alikaa sebuleni kila jioni hadi mama mkwe amalize kula. Kisha kazi ya ushonaji ikamzidi. Bi Nyamvula akawa anamfuata na sahani kwenye chumba cha cherehani, anakula huku akisifia mishono. Zawena akachoka kusifiwa.

"Mama, si ungekula mapema, jua lingalipo?"

"Sawa, mwanangu."

Hakumfuata tena.

Jana jioni mteja alikuja kuchukua gauni.

"Kumbe unaishi peke yako?"

"Na mama mkwe," Zawena alijibu, macho kwenye sindano. "Yupo sebuleni."

Mteja akasimama mlangoni pa sebule, akakisia upande gizani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," ikajibu sauti kutoka upande mwingine.