Jedidah na Jedidah

"Natangaza nia ya ndoa," akasoma Mchungaji Bundi, "kati ya Jedidah Mbae na Jedidah Mbae."

Kanisa zima la Siakago likaangua kicheko, kwaya ikiwemo. Gachoki, bwana harusi mwenyewe, muuza mchanga wa Kiritiri, akasimama na tai yake mpya kuuliza yeye ameenda wapi. Bibi harusi alijifunika uso kwa leso, mabega yakimtetemeka. Akina mama wakamzunguka na pole zao, maskini.

Mchungaji alikuwa amesoma bila kupepesa jicho. Karatasi ilitoka kwenye kompyuta, na mwaka huo wa 1999 aliiamini kompyuta kuliko mashemasi wake. Lakini sheria ya kanisa haikuwa na mzaha: majina yote mawili yasiposomwa Jumapili tatu, harusi hakuna. Mzee Mbae, aliyekuwa ameshawala mbuzi wa mahari, alitoka nje kutafuta fimbo.

Jumatatu asubuhi Jedidah akaingia ofisi ya kanisa bila kubisha. Gitari, aliyeiandika programu, alikuwa nusu chini ya meza.

"Usinipige, Jedidah. Ni hivi. Programu inachota mstari wako na wa Gachoki kutoka database, inaifanya kitu kimoja. Hicho kitu ni kama kabati, kila droo na lebo yake. Sasa mimi droo zenu zote mbili nilizipa lebo moja, 'jina'. Anayeingia nyuma anamtoa wa kwanza, na karatasi inamwandika yeye mara mbili."

"Kwa hivyo mimi nilimtoa Gachoki."

"Ndio. Pole sana, aki."

"Na usiporekebisha?"

"Atatolewa kila Jumapili. Lakini ngoja, siwezi kukuharibia maisha hivyo."

Alianza kubonyeza vitufe, jasho likimtiririka. Droo moja akaiita jina_bwana, nyingine jina_bibi. Alikuwa na aibu kweli. Walisoma pamoja shule ya msingi, na sasa amemfanya achekwe mbele ya kijiji kizima. Jedidah alisimama nyuma yake, akifuata kila herufi.

Jina la Gachoki likatokea kwenye kioo, safi kabisa, kando ya la Jedidah. Gitari akashusha pumzi.

"Umeona? Sasa utaolewa."

Jedidah akaenda akafunga mlango, akageuza ufunguo.

"Kwani nani alikutuma?" akasema. "Rudisha vile ilikuwa."